Kuhusu Kuandikwa Kwangu Kuwa Hatari Namba Moja, Juu ya Kimbunga

Kijiji cha Nakorovatu,
Barabara ya Labasa,
Vanua Levu, Fiji.
Alhamisi, tarehe 9 Oktoba.

Kwa Dkt. Unaisi Vakaloa,
Mkuu wa Idara ya Famasia,
Suva.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzako, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu, kila mara kwa adabu kubwa kuliko ya kwanza. Huku kwetu wote hawajambo isipokuwa mimi, ambaye nimekuwa hatari.

Jina langu ni Inoke Ravudi, mkulima wa magimbi na yaqona, ule mzizi tunaousaga na kuunywa. Sina elimu kubwa. Niliishia darasa la sita, na yaliyobaki nimejisomea mwenyewe katika magazeti yanayofungiwa samaki, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Mimi ni mjomba wa Vaciseva, ambaye nyumbani tunamwita Seva, mwanafunzi wako wa mwaka wa nne, mtoto wa marehemu dada yangu Laite. Mimi na mke wangu Mereoni tumemlea tangu akiwa na miaka mitano. Tulimtuma kwako asome dawa. Hatukumtuma atusome sisi.

Nimearifiwa kwamba mwaka huu mmeanzisha somo jipya linaloitwa Mipango ya Biashara, linalofundishwa na Bi. Sharda Naicker, ili mfamasia akimaliza chuo ajue na kuendesha duka, asikae tu ndani ya koti jeupe akihesabu vidonge huku duka linakufa. Kila mwanafunzi ametakiwa kuandika mpango wa duka la dawa atakalolifungua. Mpango utakaoshika nafasi ya kwanza utapewa na wafadhili friji ya dawa, rafu, na mtu wa kumshika mkono mwenye duka kwa mwaka mzima. Nimearifiwa pia kwamba bodi yenu inakaa tarehe ishirini mwezi huu, na kwamba mpango wa Vaciseva ndio ulio juu ya yote.

Ninaandika kuomba ushushwe.

Kabla hujaniona mtu wa wivu, tafadhali pokea malalamiko yangu yafuatayo. Nimeyapa namba, kwa sababu Seva mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba mjini mtu akitaka kusikilizwa huweka namba.

Lalamiko la 1. Ukurasa wa kumi na nne wa mpango huo una kichwa cha habari kisemacho "Hatari za Biashara". Chini yake pana jedwali. Nalinakili kama lilivyo, ili usiseme nimeongeza chumvi: Moja, Inoke Ravudi, mjomba wa upande wa mama. Mbili, Sakaraia, mjomba wa upande huohuo. Tatu, kimbunga. Nne, umeme kukatika. Tano, kwaya ya kanisa. Sita, panya.

Mheshimiwa, mimi ninaishi katika nchi hii na vimbunga vya nchi hii ninavijua kwa majina. Kimoja kiliondoka na paa la shule yetu na hadi leo hatujui kililipeleka wapi. Mimi sijawahi kuezua paa la mtu. Kimbunga hutangazwa redioni siku tatu kabla, kikija hukaa siku mbili, kikimaliza huondoka na serikali huleta mchele. Lakini katika safu ya "Uwezekano wa Kutokea", kimbunga kimeandikiwa "wastani". Mimi nimeandikiwa "hakika". Na katika safu ya "Maelezo", mtoto niliyemfundisha kuogelea ameandika juu yangu maneno haya: "Huja bila tahadhari. Hukaa muda mrefu. Huondoka na kitu."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, Bi. Naicker ameandika: "Ujasiri mkubwa. Kazi bora kabisa."

Lalamiko la 2. Takwimu zilizotumika si sahihi. Tangu mwezi wa saba Seva yuko Labasa kwa mafunzo ya vitendo, katika duka la dawa la Bwana Bhuwan Datt. Inaelekea mlimwagiza awatazame wateja na kuandika tabia zao, kwa sababu chini ya kaunta aliweka daftari, na katika daftari hilo mimi ninaitwa J1. J ni ya Jamaa. Amenihesabu kwamba mwezi wa saba pekee nilifika dukani mara kumi na moja. Hiyo si kweli. Nilifika mara tisa. Mara mbili nilikuwa nimesimama tu mlangoni nikijikinga mvua, na si kosa langu kwamba malhamu ya mgongo imepangwa karibu na mlango.

Naona nieleze hapa jambo ambalo wewe unalijua lakini huenda wafadhili wako hawalijui. Kwetu, kuomba kwa ndugu kunaitwa kerekere. Si kukopa, na si kuombaomba. Wewe unacho, mimi sina, ninasema, unatoa, na kesho mambo yanageuka. Hakuna anayeandika. Bibi yangu aliishi hivyo miaka themanini. Katika mpango wa Seva jambo hilohilo limepewa jina la "upotevu wa bidhaa kwa njia ya kijamii". Namkumbuka bibi yangu akimmiminia jirani chumvi kiganjani. Alikufa bila kujua kwamba alikuwa anapoteza bidhaa kwa njia ya kijamii.

Nilimwendea Bwana Datt mwenyewe ili nimwulize kama hesabu ile ni ya haki. Yeye ana miaka thelathini katika kazi hii, na huhesabu vidonge vitano vitano kwa kijisu chake kisicho na makali bila kuinua uso.

"Inoke, karibu, kaa," aliniambia. "Si hapo. Hapo karibu na malhamu hapana. Kaa upande ule wa karatasi za chanjo, hakuna cha kubeba."

Nikamwuliza, kwani yeye ndugu zake hawaombi?

"Wanaomba kuliko wa kwako. Nimewaambia duka ni la mke wangu."

"Na mke wako akiombwa?"

"Amewaambia ni la benki."

Basi nikaona kwamba hata Bwana Datt hana mpango wa biashara. Ana uongo mmoja mzuri, ameutunza miaka thelathini, na hakuna chuo kilichompa alama.

Lalamiko la 3. Mwanzoni mwa mwaka, darasani kwenu Suva, wanafunzi walifanyishwa zoezi liitwalo "Kukataa kwa Heshima". Walikaa wawili wawili. Mmoja mfamasia, mwingine jamaa anayeomba. Seva alipotakiwa kueleza jamaa yake ni mtu wa namna gani, alitoa maelezo, na kijana mmoja wa kutoka Ba aitwaye Prashneel akavaa kofia na kuwa mimi.

Sina ugomvi na kijana huyo. Ila nimeambiwa kwamba katika kuniigiza aliomba mswaki. Mheshimiwa, mimi sijawahi kuomba mswaki maishani mwangu. Mswaki ni kitu cha mtu binafsi. Nimeomba malhamu, plasta, bandeji ya mguu wa ng'ombe, dawa ya kikohozi ya kwaya yote kabla ya mkutano wa kanisa, na mara moja mizani ya watoto kwa ajili ya kupimia yaqona, ambayo niliirudisha. Kama chuo kinataka kuniigiza, ningeombwa mimi mwenyewe nije. Nauli ningeomba kwa Seva.

Halafu naambiwa kwamba Prashneel alikataliwa kwa sekunde arobaini, darasa likapiga makofi. Naomba ieleweke: aliyekataliwa pale ni Prashneel. Mimi hakuna aliyewahi kunimaliza kwa sekunde arobaini.

Lalamiko la 4. Nimelifuta. Lilihusu ukurasa wa tatu, na mke wangu amesema halina haja.

Lalamiko la 5. Hili ndilo linalouma. Katika desturi yetu mtoto wa dada anaitwa vasu, na vasu ana haki ya kuchukua chochote kwa wajomba zake. Akiingia kijijini akasema kitu ni kizuri, kitu hicho ni chake. Seva alipochaguliwa kuja kwako alisimama kwenye uzio na kusema, "Mjomba, nguruwe yule amenenepa." Hakusema neno jingine. Nguruwe yule akaliwa kwenye karamu ya kumuaga yeye. Alipoandika kwamba vitanda vya bweni ni vya mbao tupu, godoro letu likapanda feri, na mimi na Mereoni tukalala kwenye mikeka mpaka tukazoea. Injini ya mashua yangu ilikuwa nzuri pia, siku aliyoisifia.

Usinielewe vibaya. Siyataji haya kama deni. Ni haki yake, na ni sifa kwangu. Mjomba asiyechukuliwa kitu watu humtilia shaka. Lakini kwa elimu hiihii mliyomfundisha, niambie kati yetu nani hatari kwa nani? Nimeandika nami mpango wangu wa biashara, kurasa mbili, nyuma ya ratiba ya ibada. Hatari namba moja: mpwa. Uwezekano wa kutokea: kila likizo. Huja na tahadhari, kwa sababu hupiga simu kwanza kuuliza kuna nini.

Sasa ona jinsi mpango wake ulivyopangwa. Ukurasa wa tisa, chini ya "Chanzo cha Mtaji na Elimu ya Mwenye Duka", ameandika: "Msaada wa familia." Basi. Familia, bila jina. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya "Hatari", ndipo ninapoandikwa jina langu kamili, la kwanza na la ukoo, bila kosa hata la herufi moja. Nilipotoa niliitwa familia. Nilipoomba niliitwa Inoke Ravudi.

Lalamiko la 6. Mwisho wa ukurasa huohuo kuna mapendekezo. Nakala iliyo mikononi mwangu ina pendekezo moja tu, kwa kuwa inaishia ukurasa wa kumi na nne kwa sababu zisizohusiana na malalamiko haya. Pendekezo hilo linasema: "Duka lifunguliwe mahali ambapo mwenye duka hana jamaa."

Jambo hili nimelifanyia utafiti. Nimekaa na Mchungaji Aporosa, ambaye anajua koo zote, tukanywa mabakuli sita ya yaqona juu ya ramani ya shule. Huko Suva mtoto ana shangazi wanane. Nadi kuna ukoo mzima wa babu yake. Ba kuna waliooa kwetu, Lautoka kuna waliotukimbia, na hao ndio wanaoomba zaidi. Visiwa vya mashariki ni watani zetu, ambao hawaombi hata kidogo, hubeba tu. Tumemaliza ramani. Mahali pa karibu ambapo Vaciseva hana jamaa ni katikati ya bahari, na hata hapo nahodha wa feri ni shemeji yake.

Kwa hiyo, ama duka hili litafunguliwa Australia, ama mtoto amefundishwa kuandika kitu ambacho hakipo duniani na akapewa alama tisini na moja kwa kukiandika.

Lalamiko la 4, nalirudisha. Mke wangu ameenda kwa jirani.

Ukurasa wa tatu wa mpango una kichwa "Mahitaji ya Soko". Hapo Seva ameandika habari za mgonjwa mmoja, bila jina: "Mwanamke, miaka hamsini na minane, kisukari. Msimu wa mvua mto ukijaa, basi la Labasa halivuki. Hukosa vidonge siku tano hadi sita kwa mwezi. Mwezi wa pili alikatwa kidole cha mguu. Vidole vinne vya mguu huo bado vinaweza kuokolewa."

Nilikuwa ninasoma kwa sauti. Mereoni alikuwa anamenya magimbi. Akauliza, "Umesema miaka mingapi?" Nikarudia. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Kumbe soko ni mimi."

Kwa sasa Seva humletea vidonge mwenyewe anapokuja Jumamosi. Mafunzo yake Labasa yanakwisha mwezi wa kumi na moja, na mvua zinaanza mwezi huohuo, kana kwamba zimeelewana.

Sasa, Mheshimiwa, chukua ukurasa wa tatu na ule wa kumi na nne, uzitoe zote za katikati, uzisome hizo mbili pamoja kama nilivyozisoma mimi. Wa tatu unasema kwa nini duka linatakiwa hapa Nakorovatu. Wa kumi na nne unasema kwa nini halitafika. Kati ya mke wangu na vidonge vyake kilichosimama si mto, wala si basi. Ni mimi, na plasta mkononi.

Hayo si mambo ya kumwandikia mtu ndani ya jedwali.

Nimejaribu kujitetea moyoni. Nimesema, Inoke, malhamu ni kitu kidogo. Lakini nilipomuuliza Bwana Datt duka hufa kwa nini, alisema halifi kwa mwizi, kwa kuwa mwizi huja mara moja na ana haya. Kisha akanitazama, akarudi kwenye vidonge vyake. Nilimwachia bandeji niliyokuwa nimekwisha kuitia mfukoni. Hiyo Seva hakuiandika kwenye daftari.

Hata hivyo, malalamiko ni malalamiko. Kwa kuzingatia yote hayo, ninaiomba bodi yako ifanye yafuatayo:

(a) Nishushwe chini ya kimbunga. Nikiwekwa kati ya umeme na kwaya nitaridhika.

(b) Somo la Mipango ya Biashara lisifundishwe tena kwa mwanafunzi yeyote mwenye mjomba, mpaka mjomba naye awe amesikilizwa.

(c) Kama (b) haliwezekani, niajiriwe kufundisha somo hilo upande wa wateja, saa tatu kwa wiki. Wanafunzi wako wanajifunza kukataa kwa kumkataa Prashneel. Ni sawa na kujifunza kuogelea kwenye beseni.

(d) Kama (c) haliwezekani, basi nusu ya alama tisini na moja ziandikwe kwa jina langu, kwa sababu bila mimi ukurasa wa kumi na nne ungekuwa na panya tu.

(e) Kama hayo yote hayawezekani, mpango wa Vaciseva ushushwe na ushindi apewe Prashneel. Nimesikia mpango wake ni duka la Nadi la kuuzia watalii mafuta ya jua. Huo ni mpango safi. Hatari yake pekee ni mawingu.

Najua ombi la (e) ni zito. Lakini Seva akiondoka na friji ile kwenda Australia, mimi nitamtazama vipi mke wangu? Afadhali aichukue Prashneel, tukae wote bila friji kama watu wanaopendana.

Sina la ziada. Msalimie Bi. Naicker, mwambie sina kinyongo na kalamu yake nyekundu. Wasalimie wanafunzi wote, na Prashneel kipekee, mwambie kofia huvaliwa nyuma ya masikio. Msalimie dada wa mapokezi. Mchungaji Aporosa anakusalimu, kwaya inakusalimu na bado inakohoa. Sakaraia anakusalimu pia. Yeye hajui kwamba ni wa pili, nami sijamwambia.

Ni mimi, kwa heshima zote na bila dawa yoyote mfukoni,

Inoke Ravudi,
J1.

Nyongeza, Jumatatu tarehe 13. Tafadhali soma hapa kwanza.

Barua hii nilikuwa nimekwisha kuitia katika bahasha na kubandika stempu, nikaiacha mezani nikisubiri gari la posta. Jumamosi Seva akashuka kwenye basi na vidonge vya Mereoni. Akaona bahasha ina jina lako. Akaifungua. Kama nilivyokueleza, ni vasu, na bahasha ilikuwa yangu.

Aliisoma yote akiwa amesimama. Nilitegemea atalia au atanipigia kelele. Alitoa kalamu, akasahihisha maneno mawili niliyokosea, kisha akaniuliza kwa upole kama mtu anayemuuliza mgonjwa amekula nini.

"Mjomba, ukurasa wa kumi na tano uko wapi?"

Nikamjibu kwamba nakala iliishia kumi na nne.

"Iliishia kumi na nne kabla hujaishika au baada ya kuishika?"

Mereoni alikuwa jikoni. Hakuna aliyemuuliza. Akasema, "Aliuvuta."

Mheshimiwa, hilo ni kweli. Mwezi uliopita Seva alipoleta nyumbani nakala ile, alikuwa amechoka na safari, akalala. Tumbaku nilikuwa nayo, karatasi ya kuviringishia sikuwa nayo. Nikamwomba karatasi moja. Alikuwa amelala, na sikumsikia akikataa. Nikachukua ya mwisho, kwa sababu katika magazeti yangu yote sijawahi kuhitaji ukurasa wa mwisho. Ilikuwa karatasi nzito, ilizimika mara nne.

Seva akakaa kwenye mkeka, akanisomea ukurasa huo kwa kichwa. Ulikuwa na pendekezo la pili, na chini yake imeandikwa kwamba hilo ndilo mwandishi analolichagua, la kwanza amelitaja ili kulikataa. Duka lifunguliwe Nakorovatu, katika kibanda cha kukaushia nazi cha Inoke Ravudi, ambacho yeye atakisifia siku ya ufunguzi. Hatari Namba Moja aajiriwe mlangoni. Sababu: anazijua njia zote za kuomba, hakuna ombi litakalompita, na jamaa wengine wataona haya kuomba mbele ya mtu aliyeacha.

Nikamwuliza kwa nini basi aliniweka juu ya kimbunga.

"Kwa sababu mlango wenyewe ni mmoja, Mjomba. Nilitaka walimu wajue nani anatosha kuuziba."

Mereoni akatoka jikoni akatutazama wote wawili. Akaniambia nikisimama mlangoni nisimame wima, nisiegemee, rafu zitakuwa mpya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, malalamiko ya 1 hadi 6 nayaondoa, pamoja na la 4 mara zote mbili. Maombi (a) hadi (e) yafutwe, hasa (e), na kama umekwisha kumpongeza Prashneel, mnyang'anye kwa heshima; mmefundishwa namna. Alama tisini na moja zibaki palepale. Jina langu libaki palepale, la kwanza. Nikishushwa mimi, Sakaraia atapanda, na hana uwezo huo.

Ningeichana barua hii niandike nyingine fupi, lakini stempu niliiomba kwa Mchungaji Aporosa, na siwezi kumwomba ya pili, kwa sababu jana baada ya ibada alikuja kuomba plasta nikamnyima. Tangu Jumamosi ninafanya mazoezi. Seva aliniachia boksi moja la plasta dirishani, kama mtihani. Mchungaji nilimwambia duka ni la Seva. Kwaya niliiambia ni la benki, ingawa benki yenyewe bado haina habari. Sakaraia alikuja mwisho, akauliza, "Inoke, wewe unajiona nani siku hizi?"

Nikamwambia: "Wa kwanza. Wewe ni wa pili."

Boksi bado lina plasta zote. Nimezihesabu asubuhi hii. Ninaambatanisha pia majina ya jamaa kumi na wanne ambao Seva aliwasahau, kila mmoja na kile anachopenda kuomba, ili jedwali lenu likamilike. Ni watu wazuri sana, lakini Seva na Bi. Naicker wamesema kweli: ni hatari.

Sasa nina ombi moja. Ni la mwisho maishani mwangu, maana mlinda mlango hafai kuonekana akiomba. Nitumie nakala nyingine ya ukurasa wa kumi na tano, niibandike juu ya mlango. Na kama mna karatasi nyepesi kuliko ile ya kwanza, tafadhali tumieni hiyo.